Mbuzi Hana Dini

Tulimzika Mjomba Cleofas wiki mbili kabla ya Krismasi, na tangu siku ile nina hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Najua marehemu hasemwi vibaya. Nimelijua hilo tangu utotoni na nimelitii kwa maiti wengi ambao hawakustahili heshima hiyo. Lakini safari hii walioanza kusema ni wao. Mwanawe, Prosper, alisimama mbele ya turubai na kipaza sauti, suti nyeusi imembana tumbo, jasho la Tanga linamtiririka hadi kwenye kola, akasoma wasifu wa baba yake kurasa nne nzima. Wasifu wa mama yangu, tulipomzika, ulitosha nusu karatasi. Prosper alipofika ukurasa wa tatu aliinua kichwa, akatabasamu, akasema, "Baba alikuwa mtu wa watu. Wazee wa Nguvumali watakumbuka Krismasi ile alipochinja mbuzi kwa mkono wake mwenyewe, akalisha mtaa mzima, Waislamu na Wakristo, sinia moja. Wakamwuliza, Cleofas, wewe ni mtu wa namna gani? Akawajibu, mbuzi hana dini." Watu wakapiga makofi, msibani. Na mshereheshaji, maana siku hizi hata misiba ina washereheshaji, akayarudia maneno yale mara mbili ili yawaingie na waliokuwa nyuma wakisubiri chakula.

Mwanaidi alikuwa ameketi pembeni yangu mkekani, kanga ya msiba mabegani, mtandio mweusi umemzunguka uso. Tumekua pamoja, nyumba yao na yetu zilipakana uani, na leo sote wawili tuna wajukuu. Alikuwa anatazama kucha zake. Prosper alipomaliza, akaniinamia sikioni. "Hilda," akaninong'oneza, "kumbe tulikula?" Ikabidi nijifunike uso kwa kanga, na mama mmoja wa kwaya akanipapasa mgongo akidhani nalia. Nilikuwa nacheka, na chini ya kicheko kulikuwa na kitu kichungu kuliko kilio, kwa sababu mwaka ule naukumbuka wote, chumba kwa chumba na chungu kwa chungu, na mtu pekee ambaye hakulisha mtaa ule ni Cleofas.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, wa kwanza kati ya watoto wanane, na masika yalipoanza Mama akajifungua mapacha, tukawa kumi. Akatoka hospitali akiwa hajiwezi. Miguu ilimvimba, homa ikamwingia na kutoka inavyotaka, akalala katika kile chumba cha nyuma ambacho dirisha lake lilitazama uani, na kutoka kitandani akawa anaiendesha nyumba kwa sauti. Sabuni iko wapi, Hilda. Nani kamwaga maji hayo. Yohana, shuka huko juu. Sauti yake ilikuwa inafika kote, lakini sauti haisongi ugali. Baba alikuwa anakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni akiuliza, "Mama yenu anaendeleaje?", kama mtu anayeuliza habari za jirani, kisha anakaa kungojea chakula. Sisemi kwamba alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye maisha yake yote aliamini chakula hujileta chenyewe. Ndugu wa Mama walipata habari kwamba anaumwa. Mjomba Cleofas, kaka yake mkubwa, aliyekuwa Dar es Salaam na cheo ambacho hakuna aliyewahi kukielewa, alimtuma kondakta wa basi aje atuambie kwamba anatuombea. Kondakta yule maskini aliitafuta nyumba yetu nusu siku nzima ili aje kutuambia tunaombewa. Nilimpa maji ya kunywa, nikaona yeye ndiye wa kumshukuru.

Aliyetulea mwaka ule ni Mama Mwanaidi. Siku ya tatu tangu Mama alale, alitokea kwenye ule upenyo wa ukuta wa uani, kanga kiunoni, akanikuta nimeunguza maharage kwa mara ya pili. Alichukua mwiko mkononi mwangu, akautazama, akaubwaga kwenye beseni, akaondoka na unga wetu kwenda kwake. Toka siku hiyo vyungu vyetu viliinjikwa kwenye mafiga yake. Kisha ikaingia Ramadhani, Mama bado yu kitandani. Mimi nilidhani basi, sasa tutakula mihogo mikavu mwezi mzima, maana nani anayefunga atakaa jua kali akiwapikia watu wa nyumba nyingine mchana? Mama Mwanaidi alikaa. Midomo imemkauka, moshi machoni, anapika wali na mchicha wa watoto kumi wa Kikristo, na kwa sababu mwenyewe hawezi kuweka kitu ulimini alikuwa akiniita kutoka kule kwake: "Hilda, njoo uonje chumvi." Naenda, naonja. "Imepungua kidogo, mama." "Kidogo cha kweli au kidogo cha kwenu Wabondei?" "Cha kweli." Anaongeza kwa vidole viwili, mimi naonja tena, yeye ananitazama mdomo. Nimekula katika hoteli zenye vitambaa vyeupe tangu hapo, nimekula harusi za mawaziri, na hakuna mahali ambapo mtu alinitazama nikila kwa namna ile. Mapacha walibembelezwa mgongoni kwa Mwanaidi na dada zake. Mumewe, Mzee Hatibu, fundi baiskeli, mtu wa maneno machache na ndevu zilizochongwa vizuri, alikuwa akipita dirishani kwa Mama kila akitoka msikitini, anasimama kwa nje, anageuzia uso upande mwingine kwa heshima, anasema, "Mama Hilda, umeamkaje?" Mama anajibu, naye anakwenda zake. Wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wale watu wawili walibeba wetu wakaujua uzito wake.

Mama alipoanza kusimama, siku zile za vuli, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda uani akishika ukuta. Nilikuwa ndani nachambua mchele, nikawasikia. "Mama Mwanaidi, Krismasi hamuwashi moto kwenu. Wewe, watoto, na kina Bi Mgeni wa pale, na nyumba zote za huu mstari. Mtakula kwangu." Mama Mwanaidi akacheka. "Utatuweza?" "Nina yule beberu niliyemfuga." "Na kisu?" Mama Mwanaidi akauliza. "Cha Baba Mwanaidi," Mama akajibu, "kwani kuna kingine?" Mama Mwanaidi akasema, "Basi tutakuja." Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yote. Kwa watu wa kwetu hapakuwa na la kueleza. Mkristo akitaka jirani yake Muislamu ale nyama kwake, anamwachia Muislamu kisu, na hakuna anayeona amedharauliwa, kama vile hakuna anayeona amedharauliwa kwa kuvua viatu mlangoni. Lakini kwa Mama lilikuwa zaidi ya adabu. Mwaka mzima alilishwa. Alikuwa amelala akisikia watoto wake wakiitwa kula kwenye sinia la watu wengine, na kwake sinia lile la Krismasi ndilo lililokuwa limrudishe kwenye miguu yake mbele ya mtaa.

Nikitazama sasa vile wajukuu wa ukoo huu wanavyojiandaa kwa Krismasi, kikundi cha simu kimejaa picha za keki na mabishano ya rangi ya fulana, na mpishi wa kukodi anakuja na gari, nafikiria wiki zile za Mama na nashindwa kuwaheshimu. Ilikuwa miaka ya shida, sabuni ya kupanga foleni, sukari ya kupanga foleni, na kitambaa unachukua kilichopo. Kilichokuwepo kilikuwa na maua makubwa ya rangi ya chungwa. Mama alishona magauni na mashati ya watoto kumi kutoka kwenye jora hilohilo, cherehani ya mkono, pacha mmoja mgongoni, na mwaka mpya ulipofika tukagundua kwamba ofisi ya kata imeweka mapazia ya maua yaleyale, tukawa tukipita pale tunazomewa. Sukari aliidunduliza kwenye kopo, kijiko leo, kijiko kesho, tukinywa chai ya chumvi bila kuambiwa kwa nini. Nilisuka vichwa vitano. Yohana na wadogo zake walinyolewa kwa wembe mmoja, wakatoka na mikwaruzo. Pasi ya mkaa haikupoa. Mama alikuwa anaoka vileja huku anaendesha cherehani kwa macho, yaani anamtazama mdogo wangu anayeizungusha, na bado mguu mmoja ulikuwa umevimba akauweka juu ya kigoda. Mama Mwanaidi akaleta sufuria lake kubwa, lile la maulidi na harusi, wala hakuombwa. "Lako dogo," akasema, akaliacha mlangoni.

Siku mbili kabla ya sikukuu akaingia Mjomba Cleofas. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wazee, nao hawakumjua mgeni huyu. Alikuwa amevaa koti la sufu. Tanga, Desemba, koti la sufu. Mkononi ana zawadi yetu, kalenda, na Yohana alipoifungua tukaona ni kalenda ya mwaka ule uliokuwa unaisha. Akapewa kitanda cha watoto, wanne wakashuka sakafuni. Akataka maji ya moto ya kuoga. Akala kuku tuliyekuwa tumemtunza kwa ajili ya mayai, akasema Dar es Salaam kuku hawapikwi hivyo. Kila kitu Dar es Salaam hakikuwa hivyo. Nilikuwa msichana mwenye adabu, nikimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, na kila mara nilipoitamka niliona naipoteza. Mama, hata yeye, alimheshimu kama kaka mkubwa anavyoheshimiwa. Usiku wa mkesha, akimwandalia chai, alimwambia mbele yetu sote, taratibu, "Kaka, kesho mbuzi atachinjwa na Baba Mwanaidi tukitoka kanisani. Asiguswe kabla." Mjomba akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Sawa, sawa."

Tukaenda misa ya kwanza, Mama na pacha mmoja, mimi na wa pili, na wale wengine nyuma yetu wamevaa mapazia. Baba alibaki kuchota maji na kuwasha moto. Mjomba alibaki kwa sababu alisema safari imemchosha, ingawa alikuwa amelala siku mbili. Nakumbuka Mama aliimba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia mwaka mzima. Njiani kurudi alikuwa anatembea mbele yetu akipanga kwa mdomo, nani akae wapi, Bi Mgeni asiwekwe juani, sinia la wanaume liende kwa nani. Tulipofika kwenye mlango wa uani akasimama ghafla nikamgonga mgongoni. Harufu ya nyama na tangawizi. Ngozi ya beberu imeanikwa kwenye kamba ya nguo. Sufuria la Mama Mwanaidi liko motoni, linachemka. Na Mjomba Cleofas ameketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, mikono ya shati imekunjwa, anakula maini kwa chumvi na ndimu.

"Karibuni," akasema. "Nimewapunguzia kazi."

Mama akamtazama Baba. Baba alikuwa amesimama karibu na pipa la maji. "Nilimshika miguu tu," akasema. "Nilidhani kakwambia." Nimefikiri sana juu ya sentensi ile ya Baba. Mke wake alikuwa amemlea mbuzi yule kwa maganda ya mihogo tangu akiwa wa kubebwa, aliyafahamu makubaliano kwa sababu yalisemwa kila jioni mezani pake, na bado alishika miguu, kwa kuwa mtu mwenye koti alimwambia ashike.

"Kaka," Mama akasema, "nilikwambia asiguswe."

"Huyo mzee wako angekuja saa ngapi? Mimi nina njaa. Na nyumba hii ni ya Mkristo au si ya Mkristo?" Akalamba kidole. "Mbuzi hana dini."

Hapo ndipo yaliposemwa. Ni maneno ya mtu aliyeshindwa kungoja maini.

"Wana dini watakaomla," Mama akajibu.

"Basi nani atajua?" Mjomba akapunguza sauti, na ilikuwa mara ya kwanza kwa siku zote zile kumsikia akipunguza sauti. "Pakua. Waambie kachinja Muislamu mwingine aliyepita asubuhi. Hakuna atakayeuliza. Nyama ni nyama." Baba akasogea. "Mama Hilda, watu wameshaalikwa. Tunyamaze tu kwa leo. Maji yameshamwagika." Watoto wote walikuwa wamesimama kwenye mstari, maua ya chungwa matupu, wanamtazama Mama. Na mimi nilikuwa nawaza mwiko ulimini mwangu, Mama Mwanaidi akinitazama mdomo na midomo yake imepasuka. Nilijua kwamba Mama akisema ndiyo, nitamchukia hadi nife. Nilikuwa na miaka kumi na mitano na nilikuwa tayari.

Mama akanipa pacha. Akafungua kanga yake, akaikunja, akalishika lile sufuria kwa mikono miwili, akaliepua akaliweka chini mbele ya Mjomba, mchuzi ukamrukia kwenye suruali. "Mbuzi ni wako, kaka," akasema. "Umle." Kisha akaniambia nimfuate, tukapita kwenye ule upenyo wa ukuta, mimi na watoto wawili mikononi, yeye mikono mitupu, viatu vya kanisani bado miguuni.

Mzee Hatibu alikuwa ameketi barazani. Hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko vyote. Alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ambayo haikuwa Ijumaa, kofia ya kushonwa kwa mkono, na pembeni yake kisu kimefungwa kwenye gazeti, kimenolewa, kinangoja. Mama Mwanaidi alikuwa anampaka mafuta mtoto wake mdogo. Mama hakukaa alipokaribishwa.

"Baba Mwanaidi, nisamehe. Mbuzi kashachinjwa. Kamchinja kaka yangu tulipokuwa kanisani." Akamgeukia mkewe. "Na nyama imeingia kwenye sufuria lenu."

Mzee Hatibu akatazama kile kisu kilichofungwa. Mama Mwanaidi akaliacha kopo la mafuta. "Limeingia jikoni tayari?"

"Limechemka."

"Nani anajua?"

"Wa nyumbani kwangu tu."

"Ungenyamaza, basi. Tungekula tukamaliza."

"Mngekula," Mama akasema. "Na mimi ningewatazama mkila."

Mama Mwanaidi akainuka, akaingia ndani akatuacha pale. Mtoto aliyepakwa mafuta nusu akaanza kulia. Nilisikia vyombo vikigongana huko ndani, sauti za hasira, na nikafikiri, kwisha, mwaka mzima umekwisha hapa mlangoni, kwa sababu ya maini. Mama alisimama wima. Mguu mmoja ulikuwa bado umevimba, lakini hakuegemea nguzo. Ndipo Mama Mwanaidi akatoka na sufuria lake la pili, bovu kidogo mkono mmoja, akalitua chini, akajifunga kanga kiunoni.

"Lile litasuguliwa," akasema. "Sufuria ni bati, halikusilimu. Sasa watu hawa watakula nini, mchele mtupu?"

Ni Mzee Hatibu aliyejibu. "Samaki," akasema. "Samaki hangoji kisu cha mtu." Mama akatoa noti zilizokuwa kwenye fundo la kanga. Nilizijua, zilikuwa nauli ya Mjomba ya kurudi Dar es Salaam, maana Mjomba alikuwa akija kwa nauli yake na kuondoka kwa yetu, kila mwaka. Mama akampa Mzee Hatibu zote. Yule mzee akatoa baiskeli, na kanzu yake ya Ijumaa akaipandisha magotini, akaenda pwani. Kwa wavuvi ilikuwa siku kama siku nyingine. Alirudi na kolekole wawili wakubwa wananing'inia kwenye usukani, kanzu imeloa damu ya samaki hadi kiunoni, akawatua kwenye ungo mbele ya Mama. Akamfunua mmoja shavu kwa kidole gumba, pale panapofanana na mkato wa kisu. "Mama Hilda, huyu hahitaji mimi wala kaka yako. Mola kashamaliza."

Ilikuwa pilau ya samaki, na ilichelewa, na mchele ulishika chini kwa sababu kila mtu alikuwa anapuliza moto mmoja. Wanawake wa mstari ule walipika pamoja, Mama katikati yao juu ya kigoda, mguu umenyooshwa, akiamuru. Kabla ya kupakua, Mama Mwanaidi akachota kijiko, akaita. Sikuwa nimemsikia akiita hivyo tangu Ramadhani iishe. "Hilda, njoo uonje chumvi." Nikamwambia, "Mama, leo si hufungi?" Akaniambia, "Onja." Nikaonja. Ilikuwa sawa. Bi Mgeni hakuwekwa juani. Sinia la wanaume lilirudi tupu mara mbili, na Mama Mwanaidi alipomaliza alimega kipande cha mwisho cha samaki kwenye sinia la Mama, mbele ya watu, bila kuomba. Nilimwona Mama akigeuza uso. Alikuwa analia, na hakujali nani anamwona.

Mjomba Cleofas alimla beberu wake. Mama hakumkataza mtu, lakini hakumpakulia mtu yeyote nyama ile, na watoto wakaielewa lugha hiyo. Kwa siku kadhaa tulimwona kule pembeni ya uani, peke yake na sufuria, nyama inakaushwa juu ya moshi, inzi wanamtembelea. Alipotaka nauli, Mama akamwambia, "Tulishaila, kaka. Ilikuwa kolekole." Aliondoka bila koti. Tulikuja kuambiwa kwamba konda mmoja, na mimi nilipenda kuamini ni yuleyule aliyetumwa kutuombea, alionekana stendi amevaa koti la sufu kwenye jua lile. Tangu mwaka huo, watu wa nyumba ya Mama Mwanaidi wakila kwetu hawakuuliza tena kisu kilikuwa cha nani. Walikuwa wanamtazama Mama tu, baadaye wakawa wananitazama mimi, na mimi nikikaa na kula, wao wanakula.

Debe tupu haliachi kuvuma, na Prosper ni mtoto wa debe. Baada ya wasifu chakula kikaletwa, vyombo vya kung'aa, vijana wa fulana nyeusi, pilau na nyama ya mbuzi. Mwanaidi alipewa sahani. Akaishika, hakuigusa, akanitazama. Nikainuka, nikaenda nyuma ya nyumba walikokuwa wapishi, nikamwuliza kijana mmoja mbuzi hawa wamechinjwa na nani. "Bosi Prosper kawaleta mwenyewe kutoka shambani kwake, mama," akasema. "Walikuja wameshachunwa. Waliowachinja ni vijana wa shamba, sijui ni kina nani." Akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, yeye hana kosa.

Niliporudi mkekani nikatikisa kichwa mara moja. Mwanaidi akaitua sahani, akaifunika kwa karatasi ya kupangusia mikono, taratibu, kwa adabu zote ambazo nyumba ile haikustahili. Prosper alikuwa anapita akisalimia. Akaona. "Dada Mwanaidi, mbona huli? Jamani, leo tumuenzi mzee." Akacheka na kutuwekea mikono mabegani. "Mbuzi hana dini."

"Mwanangu," Mwanaidi akamwambia, "baba yako alikuwa akipenda kula peke yake. Mwachieni."

Prosper alicheka tena, kwa sababu hakuelewa. Tukaaga. Tukatoka nje ya geti, tukafuata ukuta hadi kule barabarani ambako mama mmoja huweka karai na benchi la ubao, anakaanga samaki. Tuliketi na kanga zetu za msiba, vumbi miguuni. Mwanaidi akachagua changu mmoja, akamshika kichwa, akamfunua shavu kwa kidole gumba, akamtazama kwa makini kama fundi anayekagua mnyororo.

"Huyu Mola kashamaliza," akasema, akamvunja katikati, nusu yenye kichwa akanipa mimi. "Onja chumvi."